Shangazi, nilimhesabia makosa 11 mbele ya watu

BARUA

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwalimu wa fizikia wa sekondari, naishi Uyole hapa Mbeya, nina miaka 34, mke na mtoto mmoja. Safu yako huwa naisoma kimya kimya, sikudhani siku moja nitashika simu nikuandikie. Jambo lenyewe watu wakilisikia watacheka. Mke wangu ameshaniambia, "Mtu mzima na ndevu zako unakosa usingizi kwa ajili ya katuni?" Lakini mwezi mzima sasa sina raha.

Hadithi za mashujaa wenye nguvu za ajabu nilianza kuzipenda nikiwa darasa la 4. Tulikuwa tunaingia kibanda umiza Mwanjelwa, tunabanana kwenye mabenchi, stelingi akitokea kibanda kizima kinalipuka kwa kelele. Wenzangu walitoka wakirusha mateke. Mimi nilitoka na maswali: mtu anarukaje bila mabawa? Akidakwa akianguka kutoka ghorofani, haumii? Fizikia niliipendea pale, kabla sijaisoma darasani. Muvi ya Black Panther ya 2018 nimeiangalia mara 6 na nitaiangalia tena.

Miaka 3 iliyopita nikaanzisha grupu la WhatsApp la watu wa namna yangu. Sasa tuko zaidi ya 60, kuanzia Iringa na Makambako mpaka Tunduma. Kuna fundi simu, nesi, wanafunzi wa chuo, dereva wa bajaji wa Mafiat, na mzee mmoja mstaafu wa reli ya TAZARA ambaye safari za mwezini anazijua kuliko sisi wote. Tunajadili muvi, sayansi, nani angemshinda nani. Sheria zetu ni chache: siasa hapana, matangazo ya mikopo hapana, na mwisho wa muvi mpya hausimuliwi mpaka wiki 2 zipite, maana si wote wana bando la kuiona siku ya kwanza. Shangazi, ndani ya grupu lile nilikuwa najisikia niko kwetu.

Mwezi uliopita binti mmoja wa Tukuyu, aliyemaliza kidato cha 6 mwaka jana na muda wote alikuwa msomaji tu, aliweka hadithi aliyoitunga mwenyewe. Ndefu, kama kurasa 5. Msichana anaitwa Atupele, anauza ndizi barabarani na mama yake. Shule inawapeleka kuona kimondo cha Mbozi, anakigusa, na tangu hapo chuma chochote kinamtii. Mwishoni lori la mafuta linakatika breki kwenye mteremko wa Iwambi, mbele yake kuna daladala imejaa watu. Atupele anasimama katikati ya lami, ananyoosha mikono, lori linasimama papo hapo, hatua moja kutoka kwake.

Usiku ule nilikuwa nasahihisha mitihani ya majaribio, kalamu nyekundu iko mkononi. Nikaisoma, nikaandika: "Hongera kwa kujaribu. Makosa ya kisayansi ni haya," nikayapanga namba 1 mpaka 11. Namba 1, kimondo kile ni chuma na nikeli, hakiwezi kumpa mtu nguvu. Namba 4, lori la tani 50 haliwezi kusimama papo hapo, dereva angekufa. Namba 7, soli za viatu zisingeshika lami, angesukumwa. Yote ni kweli. Sikumtukana hata kidogo. Watu kadhaa wakaweka vicheko.

Asubuhi nikakuta ametoka kwenye grupu. Hakuaga.

Tangu hapo tumepoa. Grupu lilikuwa linaamka na ujumbe 200, sasa tunatumiana salamu za asubuhi zenye picha za maua. Juzi nilipanda bajaji ya yule mwenzetu wa Mafiat. Tukiwa kwenye foleni akaniambia, bila hasira, kwamba naye alikuwa ameanza kutunga hadithi yake, lakini ameifuta.

Shangazi, sayansi ni sayansi. Ningenyamaza wakati naona jambo si kweli? Na kama nimekosea, narudi vipi?

Mwalimu, Uyole

JIBU

Marahaba, mwanangu. Kwanza liondoe hilo la kwamba watu watacheka. Mtu anayekosa usingizi kwa sababu amemuumiza mwenzake, mimi simcheki.

Maana ulimuumiza kweli, na sayansi haikukutuma. Tuichukue namba 1 yako. Ni sahihi, karibu asilimia 90 ya kimondo cha Mbozi ni chuma, na sehemu kubwa ya kilichobaki ni nikeli. Lakini wewe mwenyewe umeiangalia Black Panther mara 6. Wakanda, nchi ya kubuni ya shujaa yule, iliwekwa kwenye karatasi mwaka 1966 na Stan Lee na Jack Kirby, Wamarekani wawili, na utajiri wote wa nchi ile unatokana na madini ambayo hadithi inasema yaliletwa na kimondo kilichoanguka Afrika. Madini yenyewe hayamo kwenye jedwali la elementi unalolifundisha. Uliyahesabia makosa? Ulikaa ukafurahi, ukarudi mara ya pili mpaka ya 6. Kisha binti wa Tukuyu, ambaye kimondo cha kweli kiko mkoa wa jirani tu, akatumia wazo lile lile, ukamshikia kalamu nyekundu. Hapo ndipo niliumia mimi niliyekuwa nasoma barua yako huku Iringa, binti simjui wala hanijui. Wageni tumewaruhusu waote wanavyotaka, mtoto wetu tunamdai ushahidi.

Na hao wageni hawakuanza wakiwa wamepata maksi zote. Jerry Siegel na Joe Shuster walikutana shuleni huko Cleveland, vijana wawili waliopenda hadithi za sayansi kuliko mpira, wakawa wanatoa kijarida chao wenyewe. Walianza kumtunga Superman mwaka 1933, wakiwa na umri wa binti huyo huyo. Alipochapishwa mwaka 1938 alikuwa haruki angani kama leo, alikuwa anachupa tu, kama mita 200 hivi. Ukurasa wa kwanza kabisa ukatoa maelezo ya kisayansi: sisimizi anabeba mzigo unaozidi uzito wake mara mamia, panzi anaruka mbali kuliko urefu wake, basi mtu naye anaweza. Wewe unajua kilichokosewa hapo. Mkuze panzi mara 10 kwa urefu, nguvu ya misuli yake itaongezeka kama mara 100, lakini uzito utaongezeka mara 1,000. Panzi mkubwa kama mtu asingeruka, huenda hata kusimama angeshindwa. Kosa kubwa, tena ukurasa wa kwanza. Na bado kutoka kwenye ukurasa ule ndiko ulikotoka ukoo mzima wa mashujaa uliowaona ukiwa mtoto pale Mwanjelwa.

Sasa namba 4. Hiyo ndiyo iliyonifanya nikae na barua yako siku 3.

Nilimpigia mpwa wangu anayesoma uhandisi hapo hapo Mbeya, nikamwomba anipigie hesabu. Lori la tani 50 linashuka kwa kilomita 80 kwa saa. Atupele analisimamisha ndani ya mita moja. Mpwa wangu anasema dereva angebanwa kwenye mkanda na usukani kwa nguvu ya mara 25 ya uzito wake, na hajui kama tangi lingebaki zima. Kwa hiyo ulikuwa sahihi. Nikamuuliza, haya, asimamishe ndani ya mita ngapi ili dereva apone? Akanyamaza kidogo, kisha nikasikia sauti yake imebadilika, amechangamka. Akasema ndani ya mita 100 ingechukua kama sekunde 9, na dereva angesikia kama amekanyaga breki za kawaida kwa nguvu. Mteremko nao unavuta, kwa hiyo kazi ingekuwa kubwa zaidi, lakini dereva angepona.

Mwanangu, unaiona hiyo picha? Msichana muuza ndizi anarudi kinyumenyume mita 100 kwenye mteremko wa Iwambi, mikono imenyooka, lori linamfuata, na hathubutu kulisimamisha kwa ghafla kwa sababu anajua ndani kuna mtu. Sekunde 9. Kila sekunde daladala iko karibu zaidi. Anahesabu. Namba 7 yako nayo inaingia hapo hapo: soli haziwezi kushika, basi ajishikize kwenye nini? Kama chuma kinamtii, pembeni mwa barabara kuna kingo za chuma. Na yule mzee wenu wa TAZARA, ambaye amekaa kwenye reli miaka yote, angewaeleza treni iliyobeba mzigo inahitaji umbali gani kusimama na kwa nini hakuna dereva wa treni anayekanyaga breki kama wa bodaboda. Hadithi ingekuwa nzuri maradufu, na sayansi ndiyo ingeifanya hivyo. Vyote hivyo vilikuwa mkononi mwako usiku ule. Ulichokosa ni neno moja. Wewe uliandika "haiwezekani". Ungeandika "ingewezekanaje?"

Nashangaa pia hukuwasimulia habari ya mwaka 1973, maana naamini unaijua, na swali lako la utotoni la mtu anayedakwa akianguka limo humo. Kwenye jarida la katuni, mpenzi wa shujaa Spider-Man, Gwen Stacy, aliangushwa kutoka juu ya daraja. Utando wa Spider-Man ukamdaka kabla hajafika chini, na bado akafa. Wasomaji waliandika barua wakitaka kujua kilichomuua, na mhariri akawajibu kwenye ukurasa wa barua kwamba ni kule kusimamishwa kwa ghafla. Miaka mingi baadaye profesa wa fizikia wa Marekani, James Kakalios, alilichukua tukio lile akalifanya somo: anaanguka kwa kasi gani, utando unamsimamisha kwa muda gani, shingo inabeba nguvu kiasi gani. Mtu akianguka mita 90 anafika chini akiwa na kasi ya kama kilomita 150 kwa saa. Mwaka 2005 akatoa kitabu kizima cha fizikia ya mashujaa hawa. Alikuta kosa, akalifungulia mlango wanafunzi wakaingia.

Huku kwetu somo hilo halihitaji hata daraja. Parachichi la Rungwe likianguka kwenye jiwe linapasuka. Watoto wawili wakishika khanga wakalidaka, halipati hata alama, kwa sababu khanga inabonyea na kulipa parachichi muda wa kusimama.

Wewe ulimsimamisha yule binti ndani ya mita moja.

Nikwambie kwa nini naliongea hili kwa uchungu. Nikiwa kidato cha 2 nilimuuliza mwalimu wangu wa fizikia: mtu akipunguzwa akawa mdogo kama sisimizi, sauti yake itasikika vilevile? Nilikuwa nimeiwaza wiki nzima. Mwalimu alisema nikamuulize bibi yangu, darasa zima likacheka. Hakunitukana. Nilikaa chini, na mwaka uliofuata nikachagua masomo ya sanaa. Sijutii maisha niliyoyapata, lakini lile swali nilikuja kulipata jibu nikiwa na wajukuu: koo ikiwa ndogo sauti inakuwa nyembamba mno, pengine isingesikika kabisa. Ni swali zuri. Lilikuwa swali zuri siku ile pia.

Kwa binti kama huyu kuna jingine. Mwaka 1966, kwenye tamthilia ya Star Trek, mwanamke Mweusi aliwekwa kwenye chumba cha uongozi cha chombo cha angani pamoja na wengine, akiwa afisa wa mawasiliano, akaitwa Uhura, jina lililotokana na neno letu uhuru. Mtoto mmoja wa Chicago alikuwa anaangalia. Septemba 1992 mtoto huyo, Dkt. Mae Jemison, akawa mwanamke wa kwanza Mweusi kufika angani, na mwenyewe amesema mara nyingi kwamba Uhura alimtia hamu. Sisemi Atupele atampeleka mtu angani. Nasema hatujui nani alikuwa anasoma grupu lile usiku ule, akiwa kimya kama binti huyo alivyokuwa.

Sasa kurudi. Usimfuate kwenye namba yake usiku na maelezo marefu. Wewe ni mwalimu, mwanaume, mtu mzima, na yeye ni binti mdogo, hata nia ikiwa safi haitapokelewa vizuri. Ulikosea mbele ya watu, anza mbele ya watu. Andika kwenye grupu leo, ingawa hayupo. Kwa mfano: "Hadithi ya Atupele ni ya kwanza niliyosoma ambayo shujaa wake anauza ndizi nyumbani kwetu. Niliipokea kama mtihani. Nilikosea na naomba radhi kwa aliyeiandika na kwenu nyote." Usiweke "lakini". Usiweke "kama nilimuudhi", kwa sababu unajua ulimuudhi. Kisha mwombe yule nesi, au mwanamke mwingine anayefahamiana naye, amfikishie ujumbe huo pamoja na swali moja tu kuhusu Atupele, swali ambalo kweli unataka kujua jibu lake. Akirudi, mpokeeni bila sherehe. Asiporudi, ni haki yake, na usitume mjumbe wa pili.

Waliocheka waandikie mmoja mmoja, kwa upole. Wengi walicheka kwa sababu kiongozi ndiye aliyeanza.

Kuhusu kunyamaza: sitaki unyamaze. Mtu akiweka kwenye grupu kwamba wakati wa radi ni salama kujikinga chini ya mti, msahihishe saa hiyo hiyo, tena kwa herufi kubwa, maana huku nyanda za juu radi inaua. Hiyo ni habari, mtu anaweza kuifuata akafa. Hadithi ni kitu kingine. Aliyetunga hadithi anajua hasemi kilichotokea, anawaalika muwaze naye. Tengeni jioni moja ya wiki, Jumapili kwa mfano, mchukue tukio moja la ajabu, la muvi au la mmoja wenu, na mjiulize ingewezekanaje. Mwongozaji asiwe wewe kila wiki. Mpe mzee wa reli, mpe fundi simu.

Na nendeni Mbozi. Sijui kwa nini grupu la watu 60 wa nyanda hizi, wanaopenda vyuma vya angani, halijawahi kukodi basi dogo kwenda huko. Zamani tungesema kiko mkoa wetu wa Mbeya, tangu 2016 ni Songwe, lakini barabara ni ile ile ya Tunduma. Wenyeji walikijua tangu zamani. Wageni walikiandika mwaka 1930. Kina urefu wa kama mita 3, na walipochimba kukizunguka waliacha nguzo ya udongo chini yake ndipo wakaijengea saruji, kwa hiyo kimekaa pale pale kilipokutwa. Shimo la kuangukia halionekani, limefutwa na wakati. Chuma cha vimondo vya aina hii kilipoa polepole kwa mamilioni ya miaka ndani ya magimba ya angani yaliyovunjika kabla binadamu hajawepo. Mwanangu, hilo si la kutunga, na bado linashinda hadithi nyingi. Waambie hapo hapo, wakiwa wamekiwekea mikono.

Mchukue na mama watoto. Anachokiita katuni hajawahi kukiona machoni pako ukikieleza, ameona tu simu inakuchukua usiku. Siku hiyo simu iwe mfukoni.

Yule dereva wa bajaji usimwachie hivi hivi. Alikwambia kwa makusudi. Kesho panda tena bajaji yake, umuulize hadithi aliyoifuta ilikuwa inahusu nini, na asimulie njia nzima mpaka Uyole bila wewe kumkatisha. Na Atupele akirudi na sehemu ya pili, nitumie. Nataka kujua kama dereva wa lile lori alipona.

Shangazi, Iringa